Orodha ya kolera: kompyuta inapokosea bila kupiga kelele

Kolera si mgeni kwetu Baraka na Fizi. Kila inapoanza, swali la kwanza ni lile lile: wagonjwa ni wangapi, na wa umri gani? Siku hizi orodha nyingi za wagonjwa zinahesabiwa kwa R, lugha ya kompyuta ya takwimu waliyoianzisha Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, Nyuzilandi, miaka ya 1990. Ni ya bure. Hata MSF, ambao wengi hapa tunawajua kwa kutibu kolera, wana mradi wa R4EPIs wenye mifano tayari ya ripoti za mlipuko.

Lakini R iko na mitego yake.

Tuseme umri wa wagonjwa wanne umeandikwa hivi: 35, 4, 60 na "miezi 8". Neno hilo moja linafanya R isome safu nzima kama maandishi. Katika matoleo ya kabla ya 4.0.0, lililotoka Aprili 2020, amri ya read.csv iligeuza maandishi hayo kuwa makundi. Ukiomba namba kwa as.numeric, hupewi umri. Unapewa nafasi ya kila kundi: 1, 2, 3, 4. Mzee wa miaka 60 amekuwa mtoto wa miaka 3! Ripoti itasema wote ni watoto chini ya miaka mitano, na mashine haijalalamika hata kidogo.

Matoleo mapya yanatoa 35, 4, 60 na NA, yaani haijulikani, pamoja na onyo. Wastani nao unakuwa NA. Ukiongeza na.rm=TRUE wastani unatoka, lakini yule mtoto wa miezi 8 ametoweka kwenye hesabu. Dawa yake: miezi iwe na safu yake. Na kabla ya yote, andika str(orodha) uone safu ipi ni namba, ipi ni maandishi.

Shida ya pili ni pakeji, yaani mafungu ya amri za nyongeza. Unaita dplyr, mashine inakujibu kwamba rlang haipo, na wewe hujawahi kuiomba! Sababu ni kwamba pakeji moja inategemea nyingine, na pengine mega ziliisha katikati ya kupakua. Usihangaike na dplyr. Weka ile iliyotajwa. Kama intaneti ni ya shida, pakua zote pamoja na tegemezi zake mahali penye mtandao mzuri, uzibebe kwa flashi. Angalia tu toleo la R na mfumo wa kompyuta zote mbili vilingane.

Mwisho, ndugu msomaji: kabla ya kutuma ripoti, fungua daftari la kituo, chagua wagonjwa kumi, ulinganishe umri wao na ule ulio kwenye skrini. Ni kazi ya dakika chache.