Je, Wajua? Elektroniki ya Pwani, Kuanzia Ngomeni

Je, wajua kuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kutafuta eksirei za angani ilirushwa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi? Iliondoka tarehe 12 Desemba 1970 kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco lililosimama baharini, na kwa kuwa ilikuwa Siku ya Jamhuri, kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru.

Uhuru ilikuwa na vipokezi vilivyojaa gesi ya agoni. Eksirei ikiingia, hung'oa elektroni, zile chembe zenye chaji hasi, kutoka kwa atomi za gesi. Volteji kubwa huzivuta hadi kwenye waya, na hapo unapatikana mkondo mdogo ambao ampilifaya huukuza hadi usomeke. Elektroni, volteji, mkondo, ampilifaya: nusu ya somo imo humo! Mwanafunzi wa Ngomeni anastahili kufundishwa hayo kwa mfano huu wa kwao. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya setilaiti ya Uhuru, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Je, wajua kutofautisha volti, ampea na omu? Volti ni msukumo, ampea ni kiasi cha mkondo, omu ni ukinzani. Betri ya volti 12 ikiunganishwa na rezista ya omu 6, hupita ampea 2. Zidisha 12 kwa 2, upate wati 24.

Omu za rezista husomwa kwa rangi za mistari yake: yenye mistari ya kahawia, nyeusi na nyekundu ni ya omu 1,000.

Je, wajua kuwa stima ya nyumbani, volti 240, hugeuza mwelekeo mara 100 kila sekunde? Umeme wa sola haugeuki. Ndiyo maana kituo cha sola cha Langobaya, chenye megawati 40, hakiwezi kuingiza umeme kwenye gridi bila inveta, kifaa kinachoufanya ugeuke mwelekeo. Chaja ya simu hufanya kinyume chake: diodi zake hupitisha mkondo upande mmoja tu.

Chumvi kavu ya Gongoni haipitishi umeme. Iyeyushe majini, ayoni zake zitaachana na mkondo utapita vizuri sana. Kwa hiyo simu iliyotumbukia baharini imo hatarini zaidi kuliko iliyonyeshewa mvua: hupiga shoti, kisha kutu hula shaba ya saketi. Izime papo hapo, usiichaji, mpelekee fundi aifungue na kuisafisha kwa spiriti na brashi. Kuifukia kwenye mchele hakuondoi chumvi.

Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, ni swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole.

Na kapasita? Huhifadhi chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Wewe unayejifunza ufundi, usiingize mkono ndani ya televisheni ya kizamani yenye mgongo mkubwa kabla fundi mzoefu hajakuonyesha jinsi ya kuiondoa chaji hiyo.