Bibi Shahrazad wa Uajemi na Haki za Mke Aliyeolewa Ugenini

Historia ya Unguja hutaja sana watawala wanaume na vita vyao. Katika makala haya tutamtazama mwanamke mmoja, Bibi Shahrazad, aliyetoka Uajemi kuolewa na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja aliyefariki mwaka 1856. Kisha tutaona fiqhi inatufundisha nini katika habari yake.

Shahrazad alikuwa mjukuu wa Fath Ali Shah, mfalme wa Uajemi wa ukoo wa Qajar. Ndoa hiyo ya miaka ya 1840 ilikuwa na siasa ndani yake, kwani Sayyid Said alikuwa akikodi Bandar Abbas kutoka kwa Waajemi.

Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa 1844, anamtaja katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Anaeleza kuwa bibi huyo alikuja na Waajemi wake, akapenda kupanda farasi na kuwinda, wala hakufuata desturi za wanawake wa jumba la Unguja. Hakupata mtoto. Mwisho alipewa talaka akarudi kwao. Hamamu ya Kidichi, ya mwaka 1850, yenye mapambo ya Kiajemi, inasemekana ilijengwa kwa ajili yake.

Je, tunajifunza nini? Kwanza, ufalme wa Qajar ulikuwa wa Kishia na Sayyid Said alikuwa Ibadhi. Tofauti hiyo haikuzuia nikahi.

Pili, ugeni haupunguzi haki. Katika Suratun Nisaa, aya ya 20, mume anayetaka kumwacha mke na kuoa mwingine amekatazwa kuchukua chochote katika mahari aliyompa, hata yakiwa mali nyingi mno. Vilevile, mtalaka wa rejea ana haki ya makazi na matumizi katika eda yake.

Tatu, ni mirathi. Watoto walioachwa na Sayyid Said, wakiwemo Thuwaini na Majid, walizaliwa na masuria, nao kisheria walikuwa watoto halali warithi. Mke ambaye bado yumo katika ndoa mume anapofariki hupata thumni ikiwa marehemu ana watoto, hata kama yeye hakuzaa. Wake wakiwa wengi hugawana thumni hiyo. Aliyeachwa na eda ikaisha harithi. Ndiyo maana mahari yake ni amana kubwa.

Hapa Shanwe, Mpanda, wapo kina mama walioolewa mbali na kwao. Shahrazad alikuwa na watu wa kumrudisha nyumbani. Wengi wa hawa hawana hata nauli. Basi mwenye kuacha na aache kwa wema, na mawalii na mashahidi wayaandike mahari siku ile ile ya nikahi, ili pasitokee wa kuyakana.

Wallahu a'lam.