Kunguru Weusi na Ndege Wetu wa Asili: Kamati za Sharika Zifanye Nini?



Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi huvuka mto Rufiji pale Ndundu, juu ya Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo magari yalingoja kivuko, na mto ulipofurika safari ilikatika. Daraja na lami vimetusogeza karibu na soko na hospitali. Lakini penye barabara kuna vibanda vya chakula, machinjio na majalala, na penye jalala ndipo kunguru mweusi apatapo riziki.

Makala hii inaeleza ndege huyu ni nani, anadhuru vipi, na jamii inaweza kufanya nini kabla hajawa mwingi.

Alitoka wapi?

Kunguru mweusi, mwenye shingo ya kijivu, si ndege wa kwetu. Aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, kwa matumaini kwamba angekula taka za mji. Alizila kweli, ila hakuishia hapo. Alizaana, akavuka bahari, akaenea Dar es Salaam na sehemu nyingine za pwani. Asichanganywe na kunguru wetu wa asili, mwenye kifua na shingo nyeupe. Mjini Dar es Salaam huyo wa asili amesukumwa pembeni na mgeni.

Anadhuru vipi?

Kunguru mweusi hula mayai na makinda ya ndege wengine. Chozi, mnana na tetere, ambao hujenga viota karibu na nyumba, ndio huumia kwanza. Mama mwenye kuku hupoteza vifaranga, na mvuvi hupoteza samaki walioanikwa juani.

Kwa upande wetu hasara inaweza kuwa kubwa zaidi. Delta ya Rufiji ina takriban hekta 53,000 za mikoko, msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote ulioshikana katika Afrika Mashariki. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, unaolinda ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ndege wa pwani wanaohama kutoka kaskazini ya mbali huja kujilisha hapa wakati kwao ni baridi.

Wenzetu wamejaribu nini?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Zanzibar, kwa msaada wa Finland, iliwapunguza kunguru kwa kiasi kikubwa. Mradi ulipokwisha, waliobaki walizaana na hali ikarudi. Kati ya 2010 na 2013 shirika la WCST liliendesha kazi kama hiyo Dar es Salaam kwa mitego na sumu maalumu, na mamia ya maelfu ya kunguru waliuawa. Hata hivyo leo bado wanaonekana jijini. Nchini Kenya, mwaka 2024 serikali ilitangaza lengo la kuua kunguru milioni 1. Katika pwani ya huko, shirika la Kikristo la uhifadhi A Rocha Kenya, lililoko Watamu, ni miongoni mwa wadau wa kazi hiyo.

Somo ni moja: kupunguza bila kuendelea ni kufyeka bila kung'oa visiki. Afadhali kuwazuia wakiwa kumi kuliko kuwasaka wakiwa elfu kumi.

Hatua kwa kamati

Kwanza, hesabuni. Kunguru hulala pamoja katika miti ileile. Watu wawili wakisimama jioni karibu na mti huo na kuhesabu wanaoingia, kila mwezi kwa saa ileile, watapata takwimu za kweli. Andikeni pia viota vya ndege wa asili vilivyofanikiwa kulea makinda. Bila hesabu ya mwanzo hatuwezi kuwaonyesha wafadhili kama fedha zao zimeleta badiliko.

Pili, ondoeni chakula. Mashimo ya taka yafunikwe, mabaki ya machinjio yafukiwe, na samaki waanikwe chini ya nyavu. Hatua hii ni ya gharama ndogo, na pasipo hiyo nyingine hazidumu.

Tatu, mitego na viota. Mtego ni kizimba cha wavu chenye tundu juu: kunguru hujitosa ndani akifuata chambo, akashindwa kupaa kutoka. Akinaswa ndege mwingine, aachiliwe mara moja. Kunguru hujifunza upesi, hivyo mtego uhamishwe mara kwa mara. Kuharibu viota vyao kabla mayai hayajaanguliwa kunasaidia pia. Yote haya yafanyike kwa kibali na usimamizi wa Ofisa Wanyamapori wa wilaya.

Nne, msitumie sumu ya mashambani kamwe. Sumu iliyotumiwa na wataalamu Dar es Salaam ilichaguliwa kwa sababu huvunjikavunjika ndani ya mwili wa ndege. Dawa ya shambani haifanyi hivyo. Mwewe au mbwa akila mzoga hufa naye, na mtoto akiokota chambo ni msiba.

Je, ni halali kuua?

Swali hili ni la haki. Luka 12:24 inatukumbusha kwamba Mungu huwalisha kunguru. Kunguru hana kosa. Mwanadamu ndiye aliyemleta na ndiye anayemlisha kwa taka zake. Ndiyo maana wajibu wa kurekebisha ni wetu, na aliyenaswa auawe haraka, bila kuteswa.

Tunaziomba kamati zianze na hesabu ya jioni, pamoja na majirani zetu wa msikitini na serikali ya kijiji, kwa kuwa kunguru hachagui paa la kutua. Kwa wafadhili ombi letu ni subira: mradi wa namna hii upimwe kwa miaka, wala si kwa robo mwaka.