Mabati, reli na penseli: ilhamu ya wanafunzi wachoraji wa Riruta na mitaa jirani

Neno ilhamu liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu likiwa na maana ya jambo ambalo Mungu hulitia moyoni mwa mja bila mja huyo kulitafuta, na mpaka leo wengi wanaolitumia wanapozungumzia sanaa hufikiria nuru ya ghafla inayomshukia mtu aliyekaa peke yake. Kwa wanafunzi wanaochora katika mitaa ya Riruta, Kawangware na Kibera, magharibi na kusini-magharibi mwa kitovu cha jiji la Nairobi, neno hilo linahitaji maana iliyo karibu zaidi na mkono, kwa kuwa ilhamu yao huzaliwa na mazoea ya kutazama kitu kile kile kila siku, wakati wa kwenda shule na wakati wa kurudi, hadi mkono ukijue kabla penseli haijagusa karatasi. Hoja hii ni muhimu kwa sababu watu wa nje wamezoea kudai kwamba kinachowasukuma vijana hawa kuchora ni umaskini. Dai hilo linaonekana kuwa la huruma, lakini linawanyima sifa yao kubwa kuliko zote, yaani jicho lililofunzwa.

Riruta imo katika eneo la Dagoretti Kusini, imepakana na Kawangware, na barabara zake hushuka hadi Dagoretti Corner inapopita barabara ya Ngong, ambayo ng'ambo yake, kuelekea mashariki, iko Kibera, mtaa uliopata jina lake kutoka kwa Wanubi, wale askari wenye asili ya Sudan na jamaa zao waliopewa makazi humo enzi za ukoloni na kuuita msitu. Mtoto anayetembea katika mitaa hii hupita mbele ya picha nyingi kuliko mgeni anayezuru jumba la makumbusho, ila picha zenyewe hazina fremu: kichwa kilichonyolewa vizuri kwenye ukuta wa kinyozi, kuku wa kukaanga kwenye mlango wa hoteli, jino kubwa kwenye kibanda cha daktari wa meno, na sura za wanamuziki na wachezaji mpira kwenye ubavu wa matatu. Shule ya kwanza ya sanaa ya mtoto huyu ni mchoraji wa mabango, yaani fundi anayeandika majina ya biashara na kuchora bidhaa zake ukutani, ambaye hufanya kazi yake hadharani, huku yeyote apitaye akiwa na ruhusa ya kusimama na kutazama.

Kazi ya fundi huyo ina utaratibu unaofundisha bila maneno. Kwanza ukuta hupakwa rangi nyeupe ya msingi na kuachwa ukauke. Kisha uzi uliosuguliwa chaki huvutwa kutoka pembe hadi pembe na kuachiliwa kwa ghafla, nao huacha mstari ulionyooka ambao herufi zitakalia. Herufi huchorwa kwa penseli na kuhesabiwa nafasi zake, kwa kuwa neno likianza kwa herufi pana mno litaishiwa na ukuta kabla ya kuisha, na hapo ndipo brashi huchovywa katika rangi ya mafuta, mkono ukiwa umeegemezwa juu ya kifimbo ili usiguse rangi mbichi. Mtoto aliyeyashuhudia haya mara kumi ameshaelewa mpangilio, uwiano na subira, mambo ambayo vitabu vya sanaa huyatengea sura nzima. Si ajabu basi kwamba kundi la Maasai Mbili, mojawapo ya makundi ya wasanii yanayojulikana zaidi Kibera, liliundwa mwaka 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, ambao walikuwa wachoraji wa mabango kabla ya kazi zao kuanza kutundikwa katika maonyesho. Siku hizi mabango ya plastiki yanayochapishwa kwa mashine yanawapokonya mafundi hawa wateja, na kila ukuta unaofunikwa kwa plastiki unawapunguzia watoto darasa.

Somo la pili la mtaa ni bati. Anayelitazama kwa haraka ataona kitu cha kijivu au cha hudhurungi, lakini bati lenye mikunjo halina rangi moja, kwa sababu kila mgongo wa mkunjo hupokea mwanga na kila bonde hubaki na kivuli, na kadiri jua linavyosogea kutoka asubuhi hadi jioni, ndivyo kivuli kinavyohamia upande wa pili wa mgongo. Kutu nayo huanzia kwenye tundu la msumari na kutiririka chini kufuata njia ya maji ya mvua, ikiwa nyeusi penye tundu na kufifia kuelekea chini. Mwanafunzi anayetaka kuchora paa kama lilivyo hulazimika kuukandamiza mkono na kuulegeza, mstari baada ya mstari, na hiyo ndiyo stadi inayoitwa kutia kivuli, yaani kuonyesha umbo la kitu kwa kupishanisha weusi na weupe badala ya kukizungushia mstari wa nje pekee. Wengi hujifunza stadi hii kwa biro ya bluu kwenye kurasa za nyuma za daftari, kwa kuwa biro ndiyo inayopatikana, na biro haifutiki, hivyo anayeizoea hujifunza kufikiri kabla ya kugusa karatasi.

Watoto wadogo zaidi huchora kwa namna nyingine, ambayo watu wazima huiona kuwa ni makosa. Mtaalamu Mfaransa Georges-Henri Luquet, aliyechapisha utafiti wake kuhusu michoro ya watoto mwaka 1927, alieleza kwamba mtoto hupitia hatua ya uhalisia wa kiakili, yaani hatua ya kuchora anachokijua kuhusu kitu badala ya kinachoonekana kutoka mahali aliposimama, kabla ya kufikia uhalisia wa macho. Ndiyo maana nyumba katika mchoro wa mtoto huwa na ukuta unaopenya macho, ukionyesha nje na ndani kwa pamoja. Katika mtaa wa nyumba za chumba kimoja, uhalisia huo wa kiakili hubeba habari nyingi: pazia linalotenga kitanda na viti, jiko karibu na mlango, mtungi wa manjano wa lita 20 pembeni, na watu wote wa nyumba wakiwa wamepangwa kwa ukubwa unaolingana na umuhimu wao kwa mchoraji. Mwalimu anayemsahihisha mtoto kwa kumwambia kwamba ukuta hauonyeshi vya ndani humnyang'anya ushahidi huo kabla haujasomwa.

Wanafunzi wa madarasa ya juu hupenda kunakili, na jambo hili limezua mjadala wa muda mrefu katika Afrika Mashariki. Elimo Njau, msanii aliyezaliwa Marangu chini ya Mlima Kilimanjaro, akasomea Makerere na mwishoni mwa miaka ya 1950 akachora maisha ya Kristo katika mandhari ya Kiafrika ndani ya kanisa la Murang'a, alipinga vikali tabia ya kunakili, na aliufanya msimamo huo kuwa msingi wa kituo cha Paa ya Paa kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1965. Msimamo wake una nguvu, hasa ukikumbuka ni wanafunzi wangapi wa wakati ule waliofundishwa kwamba picha nzuri ni ile inayofanana na ya Ulaya. Hata hivyo, mtoto wa Kawangware anayechora miraba midogo juu ya picha ya mchezaji mpira iliyokatwa gazetini, kisha akachora miraba mikubwa kwenye karatasi yake na kuhamisha kilichomo mraba kwa mraba, hajazilaza akili zake, kwa maana anajifunza kupima. Vibonzo, yaani picha za kuchekesha zenye masimulizi, vimefanya kazi hiyo hiyo kwa vizazi vingi: wazazi wa wanafunzi hawa walimfahamu Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, na tangu mwaka 2010 vijana wamesoma Shujaaz, jarida la vibonzo linaloongea Sheng, lugha yao ya mtaani. Hatari huanza pale ambapo kunakili hakuishi.

Yapo pia mambo ambayo mtoto huyachora kwa sababu hayasemeki. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliichoma Kibera, na reli inayoukata mtaa huo, ile iliyofika Kisumu mwaka 1901, iling'olewa baadhi ya vipande vyake. Katika majuma hayo msanii Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo7, alizunguka akiandika ujumbe wa amani kwenye kuta, mageti na mabaki ya vibanda, na watoto waliojifunza kusoma miaka hiyo walikuta maandishi ya rangi yakiwaombea uhai. Kwingineko, mwaka 2005, watafiti wa haki za binadamu waliowapa watoto wa Darfur karatasi na rangi katika kambi za wakimbizi nchini Chad walirudishiwa picha za helikopta, farasi na nyumba zinazoungua, ingawa hakuna aliyewaagiza wachore vita.

Swali gumu zaidi ni nani anayeitazama michoro hii na anatarajia nini. Mwaka 2009 msanii Mfaransa JR alifunika mapaa ya Kibera kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa mtaa huo, zilizochapishwa kwenye plastiki isiyopenyeza maji, zikienea takriban mita 2,000 za mraba. Macho mengine yalibandikwa kwenye mabehewa ya treni na sehemu za chini za nyuso zikawekwa kwenye mteremko wa reli, ili treni ilipopita sura ikamilike kwa nukta chache. Kazi ile ilikuwa na adabu, kwa kuwa iliacha paa lisilovuja. Wageni wengi, hata hivyo, hununua machozi, na kijana hutambua upesi kwamba picha ya mtoto aliyekonda huuzwa haraka kuliko picha ya mama mboga anayecheka na mteja wake. Mfano wa kinyume chake upo Mukuru, upande wa pili wa jiji, ambako kundi la Wajukuu, linalofundisha watoto wa mtaa sanaa, lilijenga kazi yake kwa mabati na vifaa vya mtaani kisha likaipeleka kwenye maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, mwaka 2022, na kutunukiwa tuzo ya Arnold Bode bila kuomba huruma ya yeyote.

Shule zenyewe zilichelewa kuuona utajiri huu. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliweka sanaa na kazi za mikono katika mtihani wa darasa la nane, lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yaliondolewa kwenye orodha ya mtihani, na kwa kuwa somo lisilotahiniwa hupoteza vipindi, kizazi kizima kilichora chini ya dawati huku mwalimu akifundisha hesabu. Mtaala wa Umilisi, ambao hupima kile ambacho mwanafunzi anaweza kukifanya na si kile tu anachokikumbuka, ulienezwa nchini kuanzia mwaka 2019 na kuzirudisha sanaa darasani, na Januari 2026 kundi lake la kwanza likaingia shule ya upili ya juu, ambako sanaa na michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu ya kuchagua. Mkondo huo unahitaji karatasi nene, rangi, brashi na mwalimu aliyesomea kazi hiyo, na mzazi wa Riruta anayelipa kodi ya nyumba kila mwezi ana haki ya kuuliza nani atavinunua. Wakati jibu likingojewa, mchoraji wa mabango bado anavuta uzi wake wa chaki ukutani, na watoto wenye sare za shule wamesimama nyuma yake wakisubiri kuona herufi ya kwanza itaangukia wapi.