Kabla Hujaposti Chenso ya Zamani, Fungua Ekzosi Kwanza

Wadau, leo tuongee kuhusu mzigo ambao wengi tunaupita kwenye karakana za mafundi bila hata kuutupia jicho: chenso za zamani. Zile nzito, rangi imebabuka, kamba ya stata imekatika, zimesukumwa chini ya benchi mwaka wa ngapi sijui. Mimi niko Mafinga, jirani na shamba la miti la Sao Hill, na huku mashine hizo zipo. Nazikusanya, nazitengeneza, nyingine zinabaki rafuni kwangu, nyingine naziuza mtandaoni. Ni hobi inayojilipia spea zake na kubakiza kidogo. Sitakudanganya kwamba imenijengea nyumba.

Sasa, mteja wa mtandaoni hawezi kuishika mashine yako, wala kuivuta kamba asikie inavyogoma. Ana swali moja tu: "Inapiga kazi kweli?" Picha nzuri haimjibu. Anayemjibu ni pistoni.

Ndiyo maana nikienda kununua, natembea na bisibisi, spana ya plagi na tochi ndogo. Nafungua ekzosi, navuta kamba taratibu, namulika kwenye tundu pale pistoni inapopita. Ubavu wa pistoni ukiwa laini, unang'aa, una mistari myembamba ya kiwandani, hapo tunaongea bei. Ukiona mikwaruzo mirefu ya juu kwenda chini, kama mtu kapitisha msumari, mashine hiyo imenoki au iko njiani. Muuzaji atakwambia "ni plagi tu hiyo, bosi." Mwache aseme. Wewe ushaona kwa macho yako, na kazi yenyewe ni dakika tano.

Yenye pistoni mbovu naichukua pia, ila kwa bei ya spea. Kava, tenki, klachi, mpini, vyote vina mtu anayevitafuta. Kuna wiki spea zinatoka haraka kuliko mashine nzima.

Kingine, jua jina la unachouza. Naona watu wanaposti "chenso ya kizamani ya Mjerumani" halafu basi. Mteja anayejua anapita. Stihl 070 ina injini ya cc 106, 090 ina cc 137. Hizo ni injini kubwa kwa mashine ya kushikwa mkononi, na mkata magogo akiona namba hizo anasimama. Ila usiandike "ya mwaka 1968" kwa sababu tu modeli ni ya zamani. Hiyo 070 ilitengenezwa kwa miaka mingi sana, jina la modeli halikwambii umri wa ile uliyoshika. Na kopi zake ni nyingi. Piga picha ya namba ya mashine karibu kabisa, weka kwenye posti. Anayeuza kopi akificha namba, wewe onyesha yako.

Historia nayo inauza, msiidharau. Andreas Stihl alianza kampuni yake Ujerumani mwaka 1926, na msumeno wake wa kwanza wa umeme ulikuwa na kilo 48, unashikwa na watu wawili. Mwaka 1950 ikaja ya petroli ya mtu mmoja, kilo 16. Mwaka 1959 ikaja Contra, isiyo na giaboksi, injini inazungusha cheni moja kwa moja. Mwaka huohuo Husqvarna ya Sweden, kampuni iliyoanza kama kiwanda cha bunduki mwaka 1689, ikatoa chenso yake ya kwanza. Na Marekani kuna Joe Cox, mkata miti wa Oregon, ambaye mwaka 1946 alikaa akamtazama funza akitafuna gogo kwa kwenda kushoto na kulia, akabuni meno ya cheni yanayokata kwa namna hiyo. Cheni unayonunua dukani leo bado inatembea na wazo la yule funza. Mimi nikiposti cheni nikaweka kisa hicho, watu wanasoma, wanatagi wenzao, na humo humo kuna mteja.

Tuje kwenye matengenezo. Mashine iliyolala miaka mingi huwa ina magonjwa matatu. La kwanza kabureta: daiframu, yaani kile kiwambo chembamba ndani yake, inakauka na kukakamaa, petroli haivutwi tena. Nunua kifurushi cha viwambo na gasketi, osha vitundu, usichokonoe kwa waya mgumu. La pili mpira wa mafuta ndani ya tenki, unalainika au unapasuka. La tatu moto. Za zamani nyingi hazina kifaa cha kielektroniki, zina platini na kondensa chini ya gurudumu la sumaku, kama pikipiki za kale. Platini zikiota kutu hakuna cheche. Zisafishe, pima mwanya kwa geji. Nyingi zinakaa kwenye milimita 0.4 hivi, ila kitabu cha mashine yako ndicho kinachosema. Mashine ikiwaka vizuri ikiwa baridi halafu ikipata moto inazima na haikubali tena mpaka ipoe, shuku kondensa au koili kabla hujaanza kulaumu kabureta.

Halafu kuseti, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Usiguse skrubu yoyote kabla filta ya hewa haijawa safi, cheni imefungwa na imekazwa sawasawa, na injini imepata moto. Skrubu ya L ni ya mwendo wa chini. Itafute pale injini inapozunguka vizuri zaidi, kisha ifungue kidogo sana ili ukibonyeza resi isisite. Skrubu ya silensa iweke mashine isizime, lakini cheni isimame kabisa. Cheni inayotambaa kwenye silensa siiuzi, nukta.

Skrubu ya H ndiyo inayoua injini. Watu wanaifunga mpaka mashine inalia kali kama mbu, wanaona ndiyo imekuwa na nguvu. Kumbe imekosa mafuta, na kwenye injini hii oili inaingia pamoja na petroli. Mafuta yakipungua, oili imepungua, pistoni inababuka. Isikilize hivi: resi yote, bila kukata kitu, sauti iwe na mkwaruzo, iwe kama inagugumia. Ukiingiza kwenye gogo, mkwaruzo unapotea, sauti inanyooka. Ukiitoa, unarudi. Hapo umefika, acha mikono.

Ikiwa unaseti leo, kesho imehama yenyewe, silensa inapanda na kushuka, usiendelee kuzungusha skrubu. Kuna hewa inaingia mahali, mara nyingi kwenye sili za kranki. Badilisha sili kwanza. Na mchanganyiko wa oili mwandikie mteja kwenye karatasi, uifunge kwenye mpini. Mashine za enzi hizo nyingi zilielekezwa 1 kwa 25 kwa oili za kawaida za wakati ule. Leo kuna oili nzuri za 1 kwa 50. Fuata chupa na kitabu, si mtu wa kijiweni.

Rangi? Mimi sipaki. Mkusanyaji anataka rangi ya kiwandani hata kama imechubuka, na mkata mbao akiona rangi mpya anajiuliza inaficha nini. Osha, futa, basi.

Sasa suala ambalo linanigharimu hela, na bado silegezi. Nyingi ya mashine hizi hazina breki ya cheni. Ile kinga ya mbele ya mkono ambayo chenso ikiruka inasukumwa na cheni inasimama papo hapo, hazina. Ncha ya upanga ikigusa gogo kwa sehemu yake ya juu, mashine inaruka kuelekea usoni kwa aliyeshika, na hakuna mkono unaowahi. Nyingi pia hazina mipira ya kupunguza mtetemo. Mtu akifanya nazo kazi kila siku kwa miaka, vidole vinakufa ganzi na kugeuka vyeupe.

Majuzi kijana mmoja alinipigia baada ya kuona 070 kwenye status.

"Kaka, hiyo usimpe mtu. Hela ninayo, natuma sasa hivi."

"Dogo, unaenda kukatia nini?"

"Nimepata kazi ya kupasua mbao, ndiyo naanza."

"Umeshawahi kushika chenso?"

"Nitajifunza tu, kaka. Si kuvuta kamba?"

Nikamwambia hiyo haiendi. Nilikuwa na nyingine, ndogo, ya miaka ya karibuni, ina breki inayofanya kazi, ningemwachia kwa bei ya chini. Akaona namletea longolongo, anataka kubwa kama ya wenzake. Akakata simu. Ile 070 ilikaa wiki tano zaidi ndiyo ikapata mzee mmoja aliyeanza kukata kabla mimi sijazaliwa. Kuna mwenzangu aliniambia "biashara haina baba mlezi." Sawa. Ila namba ya simu kwenye posti ni yangu, na kijiji ni hikihiki.

Kwa hiyo kila posti yangu ina neno mojawapo kati ya haya: YA KAZI, YA RAFUNI, YA SPEA. Ya kazi ina breki, imejaribiwa kwenye gogo. Ya rafuni inaweza kuwaka vizuri tu, lakini nasema wazi haina breki na namuuliza mnunuzi maswali kabla ya bei. Ya spea haivutwi kamba hata kwa kutania. Mteja wa ya kazi nampa na neno la kwenda ofisi ya misitu ya wilayani kwake aulizie taratibu kabla hajaingia porini.

Video nayo isikatwe katikati. Anza na mkono wako ukigusa silinda kuonyesha ni ya baridi, vuta kamba, iwake, ikae kwenye silensa cheni ikiwa imesimama, halafu gogo, kisha uizime na kuiwasha tena ikiwa ya moto. Maliza na tochi kwenye pistoni. Dakika mbili na nusu. Tangu nianze kutuma video ya hivyo, maswali ya "mbona bei juu" yamepungua sana.

Kwa wanaotuma kwa basi: mwaga petroli yote, iwashe mpaka ijizime yenyewe ili kabureta ibaki kavu, mwaga na oili ya cheni maana itavuja tu njiani. Toa upanga na cheni, vifunge peke yake kwenye gunia, meno yamefunikwa kwa kadibodi. Mwambie wa ofisi ya mizigo kilichomo ni nini. Piga picha ya risiti na ya boksi kabla halijapanda, umtumie mteja hapohapo. Na skrubu za upanga zifunge kwenye mpini kwa waya, zisizurure ndani ya boksi, kwa sababu hizo ndizo zinazopotea na ndizo atakazokupigia simu saa nne usiku.