Siku ya kwenda hospitali: tujiandae kabla ya kutoka nyumbani

Ninapopita nyumba kwa nyumba katika kijiji chetu hapa Nakivale, mara nyingi nakuta mtu ana karatasi ya rufaa. Imekunjwa vizuri, imewekwa ndani ya Biblia au chini ya godoro, na tarehe yake imekwisha kupita. Mwingine alienda lakini akarudi bila kupimwa. Siwacheki, kwa sababu jambo kama hilo lilitufika sisi pia.

Baba yangu ana ugonjwa wa presha. Alipotumwa hospitali mara ya kwanza alienda peke yake. Alielezwa kwa Kiingereza, kisha kwa Kinyankole. Baba anajua Kibembe, Kiswahili na Kifaransa kidogo. Aliona haya kusema kwamba haelewi, akaitikia kwa kichwa kila neno. Kwenye bahasha ya dawa iliandikwa 1x2, maana yake kidonge kimoja mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Yeye alimeza viwili kwa pamoja. Siku ya tatu alipata kizunguzungu, akaanguka kwenye bomba la maji mbele ya watu. Alipona, lakini tangu siku ile haendi bila mtu wa kumsindikiza.

Kwa hiyo tufanye hivi.

Kabla ya siku

Soma tarehe mara unapopewa karatasi. Kama husomi, mpe mtoto wa shule au mhudumu wa afya akusomee. Uliza kituo cha afya gari linaondoka saa ngapi na wapi, maana gari halisubiri mtu.

Jioni yake, weka katika mfuko mmoja: karatasi ya rufaa, kitambulisho au cheti cha familia, daftari lako la matibabu, na dawa ZOTE unazotumia pamoja na bahasha zake, hata za kienyeji. Ukimwambia daktari "nameza kile cheupe", hawezi kujua ni dawa gani, kwa kuwa vidonge vyeupe ni vingi.

Uliza pia kuhusu chakula. Kuna vipimo vya sukari vinavyotaka usile kwa saa 8 au zaidi, maji matupu yanaruhusiwa. Chai yenye sukari inaharibu kipimo. Mama mjamzito anayekwenda kupigwa picha ya tumbo huenda akaambiwa anywe maji na asikojoe kwanza. Dawa ya presha usiiache bila kuambiwa. Anayetumia dawa ya sukari aulize kama ataimeza siku ya kufunga.

Siku yenyewe

Nenda na mtu anayejua lugha ya kule. Asipokuwepo, sema mapema pale unapoandikishwa kwamba unahitaji mkalimani. Mtoto asifanywe mkalimani wa siri za mama yake.

Chukua chakula cha kula baada ya vipimo, kwani kusubiri kunaweza kumaliza siku nzima. Usiondoke kwenye foleni bila kumwambia jirani yako.

Hospitali ya Mbarara ni ya kufundishia pia. Ukiona vijana kadhaa wenye makoti meupe wamezunguka kitanda, usiogope, ni wanafunzi wa udaktari. Una haki ya kuuliza ni nani anakupima na kwa nini.

Katika hospitali za serikali ya Uganda malipo yaliondolewa mwaka 2001, isipokuwa upande wa binafsi. Mkimbizi anapokelewa humo kama raia. Lakini dawa inaweza kukosekana ukaambiwa ununue nje. Ukiombwa pesa ndani, omba risiti.

Usitoke kabla ya kujua mambo manne

Ugonjwa wangu ni nini? Dawa hii nameza ngapi, saa ngapi, kwa siku ngapi? Dalili gani zikitokea nikimbilie kituo cha afya? Narudi lini? Kisha rudia majibu kwa maneno yako mwenyewe mbele ya muuguzi. Ukikosea, atakusahihisha palepale. Kusema "sijaelewa" si aibu. Baba yangu sasa anasema hivyo kila mara, na presha yake imeshuka.

Kama una karatasi ya rufaa nyumbani, itoe leo uitazame tarehe. Ikiwa imepita, usiitupe. Irudishe kituo cha afya, au umwite mhudumu wa kijiji chako, tutakwenda pamoja kuomba nyingine.