Anza na Baridi, Meli Baadaye

Hapa Bondo wananiuliza kama majani ya kwetu yameisha, hadi Mwalimu mstaafu avuke bahari kutazama ya wenzake yakipukutika. Binti yetu ni muuguzi Lowell, karibu na Boston, na ametualika mimi na mama yake tupande meli ya kitalii Oktoba moja hivi, ipande na pwani kuelekea Kanada. Kupanga nimeachiwa mimi, kwa kuwa nilifundisha jiografia. Nimeona watu wengi huanza kwa kuuliza bei ya meli. Mimi ningeanza kwa kuuliza baridi imefika wapi.

Sisi tuko jirani na ikweta, ile inayokata barabara ya Kisumu kwenda Busia pale Maseno. Mchana wetu haupungui wala hauzidi saa 12 kwa zaidi ya dakika chache, mwaka mzima, na mti wetu ukimwaga majani ni kwa sababu ya kiangazi. Boston ni kwingine. Juni mchana hupita saa 15, Disemba hubaki kama saa 9, na Oktoba kila siku humegwa karibu dakika 3. Mti huhisi upungufu huo ukaacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani, na hapo njano iliyokuwa imefunikwa tangu mwanzo huonekana. Nyekundu nayo hutengenezwa wakati huohuo, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani. Mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha maji huikoleza. Dhoruba moja huweza kupukutisha mlima mzima kabla hujafika. Unaong'ara kuliko yote ni mti ule ambao jani lake limekaa katikati ya bendera ya Kanada.

Rangi basi huanza kaskazini na bara, ikashuka kusini na pwani, maana bahari hushika joto na kuichelewesha miti iliyo karibu nayo. Jiji la Quebec hukolea mwanzoni mwa Oktoba, pwani ya Maine katikati ya mwezi, Boston mwishoni. Meli inayotoka Quebec kushuka Boston wakati huo husafiri pamoja na rangi. Inayong'oa nanga Boston mwanzoni mwa Septemba itakuonyesha kijani kitupu, hata kama tangazo lake limejaa milima myekundu. Tena Septemba ni msimu wa vimbunga: mwaka 2022 kimbunga Fiona kilipiga Nova Scotia tarehe 24.

Kwa pasipoti ya Kenya, kazi kubwa iko kwenye viza. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazuia meli za kigeni kubeba abiria kati ya bandari zake zenyewe, na karibu meli zote kubwa za kitalii zimesajiliwa nje, kama vile Bahamas au Panama. Ndiyo maana hata safari inayoanzia na kuishia Boston hupitia Halifax au bandari nyingine ya Kanada. Mkenya anahitaji viza mbili, na ile ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli ikirudi Boston unaingia upya. Sisi hatulipii tikiti yoyote isiyorudishiwa pesa kabla pasipoti hazijatoka Nairobi zikiwa na mihuri yote miwili.

Kituo ninachokitamani zaidi ni Bar Harbor, Maine. Meli kubwa hutia nanga mbali, na abiria hushushwa kwa boti ndogo, jambo ambalo mtu aliyezoea kuvuka kutoka Usenge hadi kisiwa cha Mageta halimtishi. Novemba 2022 wakazi walipiga kura abiria wanaoshuka wasizidi 1,000 kwa siku, kwa hiyo thibitisha kwamba meli yako bado inasimama hapo. Mlango wa pili tu kuna hifadhi ya Acadia na mlima Cadillac, mita 466. Ukitaka kupanda kwa gari lako mwenyewe, nafasi huwekwa mapema.

Mama watoto alitaka chumba chenye roshani. Nimempinga. Ukiacha mto Saint Lawrence na ghuba nyembamba ya Saguenay, ukiwa baharini msitu ni mstari tu kwa mbali. Majani huonekana ukishuka. Tumekubaliana kulala chumba kisicho na dirisha na pesa inayobaki ikodi gari la kutuingiza bara kila bandari.

Makoti tutanunua mitumba Kibuye, Kisumu. Asubuhi za Oktoba kule Maine hushuka hadi nyuzi 5 hivi, na sioni haja ya kulipa bei ya duka la Nairobi wakati makoti yaliyovaliwa na watu wa huko huko yamelundikwa chini sokoni. Mama watoto ameshalipata lake, jekundu. Mimi bado natafuta linalonitosha mabegani.